Kuvunjika Mbele ya Watu: Historia ya Toba ya Hadharani katika Uamsho wa Afrika Mashariki

Katika maandishi mengi ya Kikristo unyenyekevu huelezwa kuwa hali ya moyo ambayo Mungu peke yake huiona, na kwa sababu hiyo wanahistoria wameuacha mikononi mwa wahubiri, kana kwamba jambo lisiloonekana kwa macho haliwezi kuandikiwa historia. Vuguvugu lililoanza Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ambalo kwa Kiswahili huitwa Uamsho wa Afrika Mashariki, halikuliona jambo hilo hivyo. Kwa wafuasi wake kiburi kilikuwa na mahali pake pa kufia, napo ni mbele ya watu, na unyenyekevu ulikuwa na siku yake ya juma, wimbo wake, msamiati wake na mashahidi wake. Ulikuwa desturi, na desturi huzaliwa, husafiri, huzeeka na pengine huharibika. Masimulizi ya sifa hupenda kuruka hatua hizo za mwisho, ilhali ndizo zinazoonyesha kwamba desturi hii ilikuwa na nguvu pale tu aliye juu alipokubali kusimama chini ya kanuni ileile aliyowekewa aliye chini, na kwamba ilipogeuzwa kuwa kipimo cha kuwapimia wengine, kiburi kilirudi kikiwa kimevaa kanzu ya toba.

Ili kuelewa kwa nini toba ya hadharani ilikuwa jambo zito kiasi hicho, ni lazima kwanza kutazama aina ya Ukristo uliokuwapo. Kanisa la Kianglikana la Uganda, ambalo wamisionari wake wa kwanza walifika 1877 wakitumwa na shirika la Church Missionary Society (CMS), lilikuwa kufikia miaka ya 1920 kanisa la wenye vyeo. Waumini wake waliitwa kwa Kiganda *abasomi*, yaani wasomaji, kwa kuwa kujifunza dini na kujifunza kusoma lilikuwa jambo moja, na msomaji ndiye aliyepata kazi ya ukarani, uchifu au ualimu. (Kiswahili nacho kina neno hilohilo, msomi, na si bure kwamba hubeba harufu ya heshima hata leo.) Ubatizo ulikuja pamoja na jina jipya na nafasi katika ngazi ndefu ambayo juu yake alisimama mzungu wa misheni, akifuatiwa na mchungaji Mwafrika, kisha mwalimu, kisha msaidizi wa hospitali, na kila mmoja alijua nani wa kumwamkia kwanza na nani wa kumsubiri mlangoni. Dhambi katika kanisa la namna hiyo ilikuwa jambo la sheria: mwenye kuoa mke wa pili au mlevi aliyeonekana alitengwa na meza ya Bwana, na aliyejificha vizuri aliendelea kuketi benchi la mbele. Kiburi hakikuwa kwenye orodha ya makosa ya kumtenga mtu, na si rahisi kuona kingekuwaje, kwa maana ngazi nzima ilisimama juu yake.

Gahini, mahali ambapo mambo yalianza kubadilika, ni kilima cha mashariki mwa Rwanda kinachotazama ziwa Muhazi. Rwanda wakati huo ilikuwa chini ya Wabelgiji, na Waanglikana waliingia huko katikati ya miaka ya 1920 kwa njia ya Misheni ya Ruanda, tawi la CMS lililoanzishwa na madaktari wawili, Leonard Sharp na Algernon Stanley Smith, ambao tayari walikuwa wamejenga hospitali huko Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda. Daktari kijana aliyesoma Cambridge, Joe Church, alifika Gahini 1928, akakutwa na njaa kali ya 1928 na 1929 ambayo Wanyarwanda waliikumbuka kwa jina la Rwakayihura. Hospitali ilijaa watu wasiotibika kwa dawa bali kwa chakula, wafanyakazi walichoka na kugombana, na Church mwenyewe alichoka mwili na imani. Septemba 1929 alikwenda Kampala kupumzika, na huko, katika kilima cha Namirembe, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda wa tabaka la wasomi aliyekuwa mtumishi wa serikali katika idara ya afya. Wawili hao walikaa siku kadhaa wakisoma Biblia pamoja, wakifuatilia mafundisho kuhusu Roho Mtakatifu, kisha wakaomba. Katika koloni la Kiingereza la miaka ile, mzungu mwenye shahada kuketi na Mwafrika ili kufundishwa, si kufundisha, halikuwa jambo la kawaida, na waandishi wa Uamsho walifanya haki kuchukua mkutano huo kama mwanzo wa hesabu yao ya miaka.

Hata hivyo, mfano ulio bora zaidi wa kile kilichokuja kuitwa kuvunjika si huo wa Namirembe bali ule wa Yosiya Kinuka. Kinuka alikuwa Muhima kutoka Ankole, mkuu wa wasaidizi katika hospitali ya Gahini, na uhusiano wake na daktari pamoja na wafanyakazi wenzake ulikuwa umechachuka. Alipokwenda Kampala kumtembelea Nsibambi, aliulizwa habari za Gahini, akaeleza kwa urefu kasoro za hospitali na watu wake. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamjibu kwamba kama kazi ya Gahini imeharibika, chanzo ni dhambi iliyomo moyoni mwake yeye Kinuka. Jibu hilo halikumpa mgeni faraja yoyote, na kwa kipimo cha adabu ya mwenyeji kwa mgeni lilikuwa karibu na tusi. Lakini njiani akirudi, Kinuka aliligeuza moyoni hadi akalikubali, na alipofika Gahini alianza kwa kukiri makosa yake mwenyewe kabla ya kutaja ya mtu mwingine. Mwenye malalamiko alikuja kulalamikia wengine akarudi amejilalamikia mwenyewe. Mpangilio huo, ambapo kidole kilichomwelekea jirani hugeuzwa kumwelekea mwenye kidole, ndio uliojirudia katika maelfu ya shuhuda zilizofuata, na Kinuka mwenyewe baadaye akawa mchungaji na mmoja wa wazee walioheshimika sana katika vuguvugu hilo.

Tukio lililoipa desturi umbo la hadhara lilitokea Gahini mwishoni mwa Desemba 1933, katika mkutano wa maombi uliofuata Krismasi, pale mtu mmoja aliposimama na kuanza kutaja dhambi zake kwa majina, na wengine wakasimama mmoja baada ya mwingine kwa muda wa saa mbili na zaidi. Septemba 1935 timu ya Gahini iliongoza mkutano huko Kabale, na kutoka hapo moto ulishika Kigezi nzima. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi aliyekuwa akifundisha wainjilisti huko Gahini, alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana, baada ya kuandaa hoja za kuliamsha kanisa ambazo zilisomwa katika sinodi ya Uganda yeye akiwa kaburini. Mwaka 1937 timu ilifika Kabete nchini Kenya, na kabla ya muongo huo kwisha habari zilikuwa zimeingia Tanganyika kupitia Katoke na nchi ya Wahaya, ambako Walutheri nao walizipokea. Jambo la kuangalia katika mwendo huu ni neno timu. Hakukuwa na mhubiri mmoja mkuu mwenye jina kubwa. Walikwenda watu watano, kumi, wazungu na Waafrika pamoja, makasisi na wasio makasisi, na aliyehubiri asubuhi aliweza kuwa ndiye aliyetubu jioni.

Desturi yenyewe ilikaa katika ushirika, yaani mkutano wa kila juma wa waliookoka, uliofanyika nyumbani kwa mtu, chini ya mti, au nyuma ya kanisa baada ya ibada. Ushirika haukuwa na kadi za uanachama wala mshahara wa kiongozi. Watu waliimba, wakasoma kifungu cha Biblia, kisha kikafuata kipindi cha kuwa wazi. Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Haikutosha mtu kusimama na kusema kwamba yeye ni mwenye dhambi, kwa sababu maneno hayo kila Mwanglikana alikuwa akiyatamka Jumapili katika ungamo la jumla la Kitabu cha Sala, sauti yake ikiwa imemezwa na sauti za wengine mia mbili, na hakuna aliyewahi kuona haya kwa ajili yake. Wala hii haikuwa kama kitubio cha Wakatoliki, ambacho muungamaji hunong’ona sikioni mwa padri aliyefungwa na siri. Katika ushirika dhambi ilitajwa kwa jina, kiasi na mwenye mali: sukari ya hospitali iliyobebwa kwenye mfuko wa kanzu, siku ya kazi iliyoandikwa wakati mtu alikuwa shambani kwake, chuki dhidi ya mwalimu mwenzake aliyepandishwa cheo. Mwenye kutubu alipomaliza, waliokuwapo walianza wimbo wa Tukutendereza Yesu, maneno ya Kiganda yenye maana ya kumsifu Yesu, ambayo asili yake ni kiitikio cha wimbo wa Kiingereza lakini ambayo Wakikuyu, Wahaya, Wagogo na Wajaluo waliyaimba kwa Kiganda bila kuyatafsiri. Kisha walimkumbatia. Na kama ushuhuda ulirefuka na kuanza kunukia majivuno, wimbo huohuo uliweza kuanzishwa katikati ya sentensi, na msemaji akaketi.

Lugha ya ushirika ilikuwa na maneno machache yaliyobeba mzigo mkubwa. *Kuvunjika* kulitokana na picha ya moyo uliopondeka katika Zaburi ya 51, na kulimaanisha kukubali kwamba umekosea bila kutafuta kisingizio. *Kutembea nuruni*, maneno yanayotokana na Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 1, kulimaanisha kutokuwa na chumba kilichofungwa baina yako na ndugu yako; mtu aliyemkasirikia mwenzake alipaswa kumwendea na kumwambia, hata kama mwenzake hakuwa na habari. *Kutengeneza* ilikuwa hatua ya pili ya toba, yaani kurudisha kilichoibwa au kulipa deni, na ndiyo iliyowafanya hata wasioamini wakubali kwamba jambo fulani limetokea, kwa sababu vitu vilivyopotea zamani vilianza kurudi vikiwa vimebebwa na walioviiba. Aliyeacha kutubu aliambiwa kwamba *amepoa*. Nyuma ya msamiati huu kulikuwa na mafundisho yaliyotoka Keswick, mji wa kaskazini mwa Uingereza ambako tangu 1875 Waprotestanti walikutana kila mwaka kutafuta utakatifu wa maisha, na nyuma zaidi kulikuwa na kifungu cha Waraka kwa Wafilipi, sura ya 2, ambacho wanateolojia hukiita kwa neno la Kigiriki *kenosis*, yaani kujimimina hadi kubaki mtupu, kuhusu Kristo kuuacha utukufu wake na kuchukua namna ya mtumwa. Lakini Keswick ilifundisha kujitoa kwa Mungu katika ukimya wa chumba cha maombi. Kulitoa jambo hilo chumbani na kuliweka mbele ya macho ya majirani ulikuwa mchango wa Gahini na Kigezi, na ni kosa kuliandika kama bidhaa iliyoletwa kutoka ng’ambo.

Wazee wa jamii hawakufurahi, na hasira yao haikuwa ya upumbavu. Heshima ya ukoo ilisimama juu ya uwezo wa kusitiri, na mtu aliyesimama sokoni kutaja uzinzi wake alikuwa akitaja pia, kwa lazima, mke wa mtu, nyumba ya mtu na jina la mtu ambaye hakuomba kutajwa. Mwanahistoria Derek Peterson, katika kitabu chake kuhusu Uamsho kilichotoka 2012, ameonyesha jinsi wenye kujenga utaifa wa makabila, waliotaka wanawake wanyamaze na nyumba zionekane zimetulia, walivyowaona waliookoka kuwa wavunjaji wa adabu ya umma. Mwanamke aliyekuwa hana ruhusa ya kusema katika baraza la wanaume alipata katika ushirika haki ya kusimama na kusema mambo ambayo baraza lisingependa kuyasikia. Methali isemayo mficha uchi hazai ingeweza kuwa ya waliookoka wenyewe, lakini wazee nao walikuwa na swali lao la haki: uchi unaofichuliwa ni wa nani?

Mahali ambapo desturi hii ilifanya kazi ambayo hakuna mahubiri yangeweza kuifanya ni baina ya mzungu na Mwafrika. Festo Kivengere, mwalimu kijana wa Rukungiri aliyeokoka 1941, alikuwa na chuki ya muda mrefu dhidi ya mmisionari mmoja Mwingereza aliyekaa Kabale. Alisimulia baadaye jinsi alivyopanda baiskeli na kwenda umbali wa maili 50 hivi, katika nchi ambayo kila aliyewahi kupita Kigezi anajua kwamba haina tambarare, ili amwambie mzungu huyo kwamba alimchukia na kwamba anaomba msamaha. Mtu anaweza kuuliza, na wakosoaji wa siasa za kikoloni wameuliza, kwa nini mtawaliwa ndiye apige magoti mbele ya mtawala, na kama unyenyekevu wa namna hiyo haukuwa kamba nyingine shingoni mwa Mwafrika. Swali ni zuri, lakini linasahau nusu ya pili. Kanuni ya ushirika ilimbana mmisionari vilevile: Joe Church na wenzake walitubu hadharani ukali wao, dharau yao na hasira zao mbele ya watu waliowaajiri, na mmisionari aliyekataa kufanya hivyo aliambiwa na Waafrika, tena usoni, kwamba hajavunjika. Wapo wamisionari waliochukizwa na jambo hilo kwa maisha yao yote. Katika ushirika kila mtu aliitwa ndugu au dada, na neno hilo, likitamkwa na msaidizi wa hospitali kwa daktari wake katika koloni la mwaka 1936, halikuwa neno la upole tu.

Mwaka 1947 mwelekeo wa safari uligeuka. Church alikwenda Uingereza pamoja na Kinuka na William Nagenda, na wafuasi wa Uamsho walialikwa kuhudumu katika mikutano huko. Mmoja wa waliowaalika alikuwa mwinjilisti Roy Hession, mtu aliyefanikiwa na kujulikana, ambaye aliwaita wazungumze na wengine akagundua kwamba mwenye haja ya kutubu ni yeye. Kitabu chake *The Calvary Road*, kilichotoka 1950, kilieneza ulimwenguni mafundisho ya kuvunjika, na wasomaji wake wengi wa Ulaya na Marekani hawakutambua kwamba walichokuwa wakisoma ni mazungumzo ya wanaushirika wa Kigezi na Rwanda yaliyovaa Kiingereza.

Lakini tayari kabla ya safari hiyo desturi ilikuwa imeonyesha ncha yake nyingine. Mwaka 1941, katika Chuo cha Askofu Tucker huko Mukono, kilichofundisha makasisi wa Uganda, kundi la wanafunzi waliookoka, Nagenda akiwa miongoni mwao, liliamka alfajiri kuomba na kisha kuwahubiria wenzao na walimu wao juu ya wizi, uasherati na mafundisho waliyoyaona kuwa yamepotoka. Mkuu wa chuo aliwakataza, wao wakakataa kunyamaza, na wanafunzi 26 wakafukuzwa. Kila upande uliushtaki mwingine kwa kosa lilelile. Chuo kiliona kiburi cha vijana waliojidhania kuwa watakatifu kuliko askofu, na vijana waliona kiburi cha wakubwa wasiotaka kuambiwa kweli na wadogo. Ukweli unaoumiza ni kwamba pande zote mbili zilikuwa na ushahidi. Kutubu dhambi yako ni kujishusha. Kumtaka jirani atubu yake, saa kumi za alfajiri, kwa sauti inayosikika bweni zima, ni jambo jingine, hata kama maneno yanayotumika ni yaleyale. Askofu Cyril Stuart alitumia miaka iliyofuata kuwazuia waliookoka wasitoke kanisani, na wao wenyewe, tofauti na makundi mengi ya uamsho duniani, kwa sehemu kubwa walichagua kubaki. Uamuzi huo wa kubaki ndani ya kanisa lililowafukuza pengine ndio tendo la unyenyekevu lililokuwa na matokeo makubwa kuliko yote katika historia yao, ingawa halikuimbiwa wimbo.

Huko magharibi mwa Kenya, miongoni mwa Wajaluo, mambo yalikwenda vibaya zaidi. Wanauamsho waligawanyika katika pande mbili, mmoja ukiitwa Joremo, watu wa damu, kwa sababu ya kusisitiza damu ya Kristo na toba, na mwingine Johera, watu wa upendo, uliowalaumu wenzao kwa kuhukumu na kutengana. Mwaka 1957 Johera walitoka katika Kanisa la Kianglikana chini ya kasisi Matthew Ajuoga na kuunda kanisa lao, Church of Christ in Africa. Uganda nako, kuanzia miaka ya 1960, lilijitokeza kundi la Okuzukuka, yaani kuamka upya, lililowaona ndugu wa zamani kuwa wamelala na kuweka masharti makali juu ya madeni na mavazi. Katika mafarakano haya yote neno kuvunjika lilibaki midomoni, lakini lilikuwa limehama nafsi: halikusemwa tena kwa kitenzi cha nafsi ya kwanza, mimi nimevunjika, bali kwa nafsi ya tatu, yule hajavunjika. Badiliko hilo dogo la sarufi linaeleza historia ya nusu karne kuliko majina ya viongozi.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kumaliza habari za desturi hii kwenye ugomvi wake. Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya Oktoba 1952, waliookoka wengi katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau kwa hoja kwamba wamekwisha kuingia agano la damu ya Yesu, na wengi wao walikataa vilevile bunduki za serikali, hivyo wakasimama mahali ambapo pande zote mbili ziliwatuhumu. Baadhi yao waliuawa. Wapigania ardhi waliwaona wasaliti, na mwanahistoria hana haki ya kufuta maoni hayo. Lakini watu waliozoea kusimama kila juma na kukubali aibu walikuwa na mazoezi ambayo wengine hawakuwa nayo. Rwanda, kasisi Yona Kanamuzeyi aliuawa Nyamata Januari 1964 akiwa ameishi na kuwahudumia wakimbizi wa ndani. Uganda, Janani Luwum, aliyeokoka 1948 na kuwa Askofu Mkuu 1974, aliuawa na utawala wa Idi Amin Februari 1977, na Kivengere, aliyekuwa Askofu wa Kigezi tangu 1972, alikimbia na mkewe usiku kupitia milimani hadi Rwanda. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake lilisema kwamba anampenda Idi Amin. Alieleza kwamba alikuwa uhamishoni Uingereza, siku ya Ijumaa Kuu, alipotambua kwamba chuki yake dhidi ya Amin imekuwa dhambi yake mwenyewe, si ya Amin. Huyo ni mtu wa baiskeli ileile ya Kabale, miaka 36 baadaye.

Na bado kuna 1994. Nchi iliyouzaa Uamsho ndiyo iliyoshuhudia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mamia ya maelfu wakiuawa na majirani waliosali nao, wengine ndani ya makanisa walimokimbilia. Walikuwapo wanaushirika waliokufa wakiwaficha wenzao, na walikuwapo viongozi wa makanisa, ya Kianglikana yakiwamo, waliokuwa karibu mno na watawala wasiweze kusema neno. Ushirika ulikuwa umewafundisha watu kutaja sukari iliyoibwa na hasira ya jana, lakini haukuwa na msamiati wa kutubu dhambi ambayo kundi zima linaifanya kwa pamoja na kuiita wajibu. Hapo ndipo mpaka wa desturi hii ulipo. Kiburi cha mtu mmoja kilijua jina lake kikiitwa katika ushirika. Kiburi cha kabila hakikuitwa kusimama.

Upande wa mafanikio ya nje, waliodharauliwa walipanda ngazi ambayo hapo awali waliitikisa. Erica Sabiti, mlokole wa Ankole, akawa 1966 Askofu Mkuu wa kwanza Mwafrika wa jimbo la Uganda, Rwanda na Burundi. Obadiah Kariuki, aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuupokea Uamsho huko Kabete, aliwekwa wakfu kuwa askofu 1955. Na Josiah Kibira wa Bukoba, Askofu wa Kilutheri tangu 1964, alichaguliwa 1977 jijini Dar es Salaam kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani. Chuo cha Mukono kilichowafukuza wale 26 ni leo Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda.

Desturi yenyewe imepungua, ingawa ushirika bado hukutana katika vijiji vingi, wazee wakiwa ndio wengi, na Tukutendereza huimbwa misibani kuanzia Kampala hadi Dodoma. Kilichosafiri zaidi ni jina. *Omulokole*, kwa wingi *abalokole*, ni neno la Kiganda ambalo lilianza kutumiwa kwa dhihaka, wenyewe wakalikubali, na Kiswahili cha Tanzania kikalichukua likawa mlokole, likitumika sasa kwa Mkristo yeyote wa makanisa ya kiroho, mara nyingi kwa maana ya mtu anayejiona kuwa msafi kuliko jirani zake. Katika Kiganda neno hilo hubeba maana ya kutendewa, karibu na kuokoka kwa Kiswahili: halimtaji mtu aliyefanya jambo, bali mtu aliyeokolewa na mwingine.